Mtoto anachemka usiku: Kisumu si Nakuru

Nilizaliwa Nyalenda, Kisumu, nikaolewa Nakuru. Dada yangu alibaki kule. Watoto wetu ni wa rika moja, na haupiti muda mrefu kabla mmoja wetu hajampigia mwenzake simu usiku: "Dada, mtoto anachemka. Nifanyeje?" Kwa miaka kadhaa tulipeana jibu lile lile, tukidhani homa ni homa. Siku moja jibu hilo lilitaka kunigharimu mtoto, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa. Dawa ya kushusha joto ni moja Kisumu na Nakuru. Swali linalofuata baada ya kumnywesha ndilo halifanani, na hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu Kenya mtu akisema "nina homa", mara nyingi ana mafua: pua inatiririka, koo linawasha. Kwenye vitabu, homa ni joto la mwili kupanda. Ukifika zahanati ukasema tu "mtoto ana homa", mhudumu anaweza kusikia mafua, kumbe wewe una maana ya mwili kuwaka tangu jana jioni. Sema "mwili wake una joto", kisha utaje lilianza lini. Na lile jina la pili tunalolibandika kila joto, "ana malaria", tuliweke pembeni mpaka damu ipimwe.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga mwili uwe na joto kiasi gani. Kwa kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Vijidudu vikiingia, kinga ya mwili hutoa kemikali zinazoifanya sehemu hiyo ipandishe kiwango. Ndiyo sababu mtoto hutetemeka na kung'ang'ania blanketi huku ngozi yake inakuchoma: mwili wake unalifuata joto jipya ulilopangiwa. Joto hilo ni kazi ya kinga. Panadol hukirudisha kiwango chini kwa saa chache, basi. Kilichowasha moto hakijaguswa.

Mkono au kipimajoto

Mkono wa mama usidharauliwe. Ukimgusa mtoto tumboni au shingoni ukamkuta hana joto, kwa kawaida huwa umepatia. Ukimkuta wa moto, hapo unaweza kukosea, hasa ikiwa umetoka kushika maji baridi au mtoto alikuwa amefungwa mgongoni kwenye jua la saa saba. Kwa hiyo mkono unatosha kukuondolea hofu, lakini hautoshi kukupa jibu la kumwambia daktari.

Kipimajoto cha kidijitali cha kuweka kwapani ndicho ningekuchagulia. Kausha jasho la kwapa, ubane mkono wa mtoto mpaka kilie, kisha usome. Kikionyesha 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Vile vya kuelekezwa kwenye paji la uso ni vya haraka, lakini jasho na jua huvidanganya. Vya kioo vyenye zebaki viache: vikivunjika, zebaki ni sumu, na mtoto anayejitupatupa atakivunja tu.

Namba isikutawale, hata hivyo. Mtoto mwenye nyuzi 39 anayecheza na kuomba uji hanitii hofu kama mwenye 38 aliyelegea, asiyetaka hata kuangalia simu. Mtazame mtoto kwanza, kipimajoto baadaye.

Panadol au Brufen

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo swali la dukani. Majina haya mawili yamezoeleka mno, lakini dawa zenyewe ni parasetamoli na ibuprofeni, na zinauzwa kwa majina mengi. Soma jina la dawa, usiishie kwenye jina kubwa la chupa.

| | Parasetamoli (Panadol, Calpol) | Ibuprofeni (Brufen) |
|---|---|---|
| Umri wa kumpa nyumbani | Kuanzia miezi 3. Chini ya hapo apelekwe kwanza hospitali | Kuanzia miezi 6, labda daktari aseme vingine |
| Kiasi kwa kila kilo ya uzito | mg 10 hadi 15 | mg 5 hadi 10 |
| Mfano: mtoto wa kilo 10 | ml 5 za chupa ya mg 120 kwa kila ml 5 | ml 5 za chupa ya mg 100 kwa kila ml 5 |
| Kurudia | Baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima | Baada ya saa 6 hadi 8, isizidi mara 3 kwa siku nzima |
| Tumbo tupu | Haina shida | Ale kitu kwanza |
| Asipewe akiwa na | Ugonjwa wa ini | Kutapika au kuharisha, tetekuwanga, matatizo ya figo, vidonda vya tumbo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hii |

Chaguo langu la kwanza ni parasetamoli, na sababu yangu ni ya huku kwetu. Mtoto mwenye joto Kisumu au Nakuru mara nyingi anatapika pia, au anaharisha, au amekataa kunywa tangu asubuhi. Mwili uliokauka maji ukipewa ibuprofeni, figo ndizo zinazoumia. Parasetamoli haina hatari hiyo. Jambo jingine: ikiwa mmetoka Mombasa au Malindi karibuni, ibuprofeni na aspirini zikae mbali mpaka mtoto apimwe, kwa kuwa pwani kuna dengi, homa inayoletwa na mbu, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Ibuprofeni nayo ina sifa zake. Hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kwa maumivu ya sikio au jino linalochipua, mtoto anayekunywa na kula vizuri hutulia nayo. Siikatai. Ninasema tu isiwe ndiyo unayoifikia kwanza gizani.

Je, uzichanganye? Wapo wanaopokezana, Panadol saa mbili, Brufen saa tano. Joto hushuka kidogo zaidi, lakini usiku wa manane, baba amempa, mama hajui, nyanya naye akaongeza, hesabu hupotea. Ukiweza kumtuliza kwa moja, baki na hiyo moja, na uandike saa ya kila dozi kwenye karatasi.

Kipimo ni uzito wa mtoto, si umri. Mwenye kemisti mzuri utamjua kwa swali lake la kwanza: "Mama, mtoto ana kilo ngapi?" Ukikuta asiyeuliza, mwambie wewe. Uzito wa mwisho umo kwenye kitabu cha kliniki. Pima dawa kwa sirinji isiyo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya sukari havilingani. Cha kwangu na cha jirani vinaweza kutofautiana kwa dozi nzima. Na uangalie chupa ya dawa ya mafua uliyonayo nyumbani, kwa sababu nyingi tayari zina parasetamoli ndani. Ukimpa hiyo pamoja na Panadol, umempa mara mbili, na ini la mtoto halisamehe.

Aspirini usimpe mtoto kabisa. Vile vidonge vya kichwa vya dukani ambavyo wakubwa tunameza bila kufikiri, vingi vina aspirini, na kwa mtoto inaweza kuleta ugonjwa unaoharibu ubongo na ini. Kuvunja kidonge nusu hakukifanyi kuwa cha mtoto.

Akitapika dawa ya maji kila unapompa, ipo parasetamoli ya kuingizwa njia ya haja kubwa. Lakini mtoto anayetapika kila kitu hahitaji aina nyingine ya dawa nyumbani, anahitaji hospitali.

Kitu kimoja ningependa ukishike: joto kushuka baada ya Panadol si ushahidi kwamba ugonjwa ni mdogo. Joto la malaria hushuka. La nimonia hushuka. Mtoto hutabasamu kwa muda wa saa mbili, nawe ukaahirisha safari ya hospitali hadi kesho.

Maji au nguo nyepesi

Hapa nitapita haraka. Maji baridi, barafu au spiriti, hapana: ngozi hujikunyata, mtoto hutetemeka, na joto hubaki ndani. Kitambaa cha maji ya vuguvugu hakimdhuru, ila faida yake ni fupi na watoto wengi hulia nacho. Afadhali umvue sweta na kofia, umwachie nguo moja nyepesi, ufungue dirisha, na umnyweshe mara kwa mara: titi, maji, uji mwepesi. Kumfunika mablanketi "ili atoe jasho" ndiko kunakowaponza wengi Nakuru, kwa sababu ya baridi yetu. Mwarobaini nauheshimu kama mti wa kivuli na wa historia, ila mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga, kwa hiyo si wa kumnywesha mtoto.

Kisumu au Nakuru

Kisumu iko kando ya ziwa, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake pamoja na maji yaliyotuama uwanda wa Kano ni makao mazuri ya mbu. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na baridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto wa kaunti za ukanda wa ziwa, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 6. Nakuru huhesabiwa katika maeneo ya hatari ndogo. Kwa hiyo dada yangu na mimi tunaposhika mtoto wa moto usiku ule ule, tunashika vitu viwili tofauti.

Kwake, kila homa ipimwe malaria siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, hata kama kuna mafua, hata kama neti inatumika, hata kama mtoto amechanjwa. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Septemba 2019, kuanzia Homa Bay, na watoto hupata dozi nne kuanzia wakiwa na miezi 6. Inapunguza malaria kali, lakini haiifungi mlango. Dada yangu ana bahati nyingine: mtaani kwao yupo mhudumu wa afya ya jamii mwenye vipimo vya haraka mfukoni. Tone la damu kidoleni, dakika 15 hadi 20, jibu linapatikana kabla ya kutafuta pikipiki ya kwenda mjini.

Kuna mtego upande wa Kisumu ambao watu wachache huusema. Kwenye ukanda wenye malaria nyingi, mtu anaweza kuwa na vimelea vichache bila kuugua kwa sababu hiyo. Tena kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, kwa kuwa kinatafuta protini ya kimelea ambayo hukawia kuisha kwenye damu. Matokeo yake ni kwamba mtoto anaweza kupatikana "na malaria" ilhali kinachomuua polepole ni nimonia. Ikiwa anapumua mbio, mwambie mhudumu asiishie kwenye kipimo. Ikiwa alitibiwa malaria mwezi uliopita, omba damu itazamwe kwa hadubini, maana hadubini huona vimelea vyenyewe na huvihesabu. Kwa homa mpya isiyo na historia hiyo, kipimo cha haraka kinatosha kabisa, na ni bora kuliko maabara iliyochoka jioni.

Kwangu Nakuru mambo yamegeuka. Joto la mtoto hapa mara nyingi ni virusi vya njia ya hewa, tonsili, sikio, kifua, mkojo, hasa miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti. Mtoto anayenywa, anayecheza na asiye na dalili za hatari anaweza kutazamwa nyumbani siku moja au mbili. Kwenda kununua dawa ya malaria Nakuru bila kipimo ni kupoteza siku ambazo ugonjwa wenyewe unazitumia. Maziwa yasiyochemshwa ni jambo jingine la kutaja kwa daktari, kwa sababu ya brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kupitia maziwa hayo.

Ila Nakuru ina swali lake moja ambalo likikosekana kuulizwa, kila kitu huharibika: mmesafiri?

Desemba moja mwanangu alikaa wiki mbili kwa nyanya yake Ahero, kaunti ya Kisumu, karibu na mashamba ya mpunga. Tulirudi Nakuru akiwa mzima. Siku ya tisa mwili ukapata joto. Nilimpeleka kliniki moja ndogo karibu na nyumbani. Wakatazama koo, wakanipa dawa ya mafua na antibayotiki. Hawakuniuliza tulikotoka, na mimi sikusema. Siku mbili baadaye viganja vyake vilikuwa vyeupe na hakutaka kuamka kunyonya. Hospitali ya pili, muuguzi alimshika mguu tu akaniuliza, "Mama, mmetoka wapi?" Kipimo kilikuwa malaria, na tulilazwa kwa sindano za artesuneti, dawa ya malaria kali. Alipona, namshukuru Mungu kila siku.

Mbu akimuuma mtoto leo, homa hutokea baada ya siku 7 hadi 14 hivi, na wakati mwingine zaidi. Kwa maneno mengine, mtoto huugua akiwa amesharudi shuleni. Na mtoto aliyelelewa Nakuru hana ile kinga ndogo ambayo binamu zake wa Ahero wameijenga kwa kuugua mara nyingi, hivyo malaria humwangusha upesi zaidi. Ikiwa mmetoka Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay, Migori, Vihiga, Kakamega au Bungoma ndani ya miezi 3, homa ya Nakuru ichukuliwe kama homa ya Kisumu. Litaje hilo kwanza, kabla hujataja kikohozi.

Na taifodi? Miji yote miwili ina tabia ya "malaria na taifodi" kwenye karatasi moja. Kile kipimo cha Widal cha damu, kinachotoa jibu haraka, hukosea sana: hukuta chembe za kinga za zamani au za maambukizi mengine na kuziita taifodi. Jibu la kuaminika ni damu kuoteshwa maabara, na huchukua siku kadhaa. Ukiambiwa taifodi kwa Widal peke yake, uliza daktari anaegemea nini kingine kabla mtoto hajaanza antibayotiki.

Ikiwa kipimo ni malaria isiyo kali, dawa ni AL, yaani artemetha na lumefantrini katika kidonge kimoja: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana ndivyo mwili unavyoifyonza. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo na urudi kuomba ya kufidia. Siku ya pili huenda akawa anakimbia. Maliza zote sita.

Kusubiri au kwenda sasa

Wa chini ya miezi 3 akiwa na joto, twende, hata saa nane usiku, bila kujaribu dawa kwanza. Wa umri wowote asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeamka vizuri, aliyepata degedege, mwenye shingo ngumu, utosi uliovimba, au viganja vilivyopauka, twende. Kwa kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa simu mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni mbio. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, usimalize kuhesabu. Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanayoiita Russia, hupokea watoto hawa usiku. Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti, ile tuliyozoea kuiita PGH.

Degedege inahitaji maneno yake. Huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 joto linapopanda, na nyingi hupita ndani ya dakika chache bila kuacha madhara. Panadol haiizuii, kwa hiyo usijilaumu kwamba ulichelewa kumpa. Wapo wanaoihusisha na ndege au pepo na kumkimbiza mtoto kwa mganga. Hao ni wazazi waliojawa na hofu kama mimi na wewe, na ninawaomba waelekee upande wa hospitali. Mlaze kwa ubavu chini, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, na uangalie saa. Nakuru, daktari anaweza kukuambia ni degedege ya kawaida. Kisumu, au baada ya safari ya Kisumu, degedege ni malaria ya ubongo mpaka kipimo kikatae, na ikipita dakika 5 usisubiri iishe ndipo uondoke.

Sasa tukienda ushago, begi la watoto lina neti, kipimajoto, sirinji, chupa moja ya parasetamoli na kitabu cha kliniki. Tukirudi Nakuru, naandika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na naiacha pale miezi 3.